Waya wa chaja mpaka uukunje ndo uingize chaji? Wangu umenitobolea godoro, njooni tuongee

mpangaji_wa_ua:
Wakuu habari za Jumapili. Naandika huu uzi nimekalia ndoo mana godoro liko nje linapigwa upepo, na mama mwenye nyumba ameshapita mara mbili anauliza mbona kunanukia, nimemwambia nilikuwa napasi.

Ishu iko hivi. Nina laptopu yangu ya siku nyingi, chaja ni ile ile iliyokuja nayo, ya pini ya duara, kwenye tofali (lile dude zito la adapta) imeandikwa volti 19.5 ampea 3.34. Tangu mwezi wa tatu waya ulianza usumbufu pale shingoni, karibu na ile pini inayoingia kwenye laptopu. Mnaoijua hii hali mnaijua, ukiushika hivi chaji inaingia, ukiachia inakata. Kila mtu ana staili yake, mimi yangu ilikuwa naukunja kurudi nyuma naupitisha chini ya laptopu halafu uzito wa laptopu ndo unaushikilia hapo hapo. Ganda liliposhapasuka nikazungushia selotepu ile ya kufungia zawadi, ikawa inateleza, nikahamia ile nyeusi ya umeme, nayo ikawa inayeyuka gundi mpaka vidole vinanata lakini chaji inaingia, maisha yanaenda. Miezi minne nzima.

Ijumaa nilikuwa kitandani namalizia ripoti ya watu, kama saa 7 usiku usingizi ukanipitia. Nimekuja kushtuka saa 9 na kitu kwa harufu. Sio harufu ya moshi wa kuni, ni ile ya mfuko wa rambo ukiangukia kwenye jiko la mkaa. Laptopu imeshuka pembeni, shingo ya chaja iko katikati ya shuka na mto, moshi mwembamba unapanda kama wa udi. Hakuna mwali. Kwa akili za usingizi nikaushika waya pale pale kwenye moshi nikauvuta, vidole viwili vimetoka malengelenge. Shuka limetoboka tundu kama sarafu ya mia mbili na godoro linaingia dole gumba, pembeni pamekuwa pagumu peusi.

Sasa kilichonichanganya mpaka nimekuja hapa: breka haikushuka. Fyuzi haikuungua. Na tofali lenyewe kataa kake ka kijani kalikuwa kanawaka zake vizuri kabisa kama halina habari yoyote. Mimi nilikuwa najua kukitokea kitu umeme unajikata wenyewe, yaani ndo kazi ya hivyo vitu. Mafundi mliomo humu naombeni ufafanuzi kwanini hakuna kilichokata.

kichwa_ngumu:
Pole mkuu ila na wewe unalalaje na laptopu. Chaja yangu ina tepu mwaka wa tatu huu na sijawahi kuona hata cheche. Volti 19 hizo, hata ukizilamba haziui mtu. Watu wa humu mnapenda kutishana.

binti_wa_hosteli:
Jamani yangu inatoa sauti, tss tss hivi nikiigusagusa, na usiku nikizima taa naona kamwanga ka bluu kwa ndani ya waya. Nilikuwa namuonesha rumeti wangu tunacheka. Sasa nimeacha kucheka.

FundiRisasi:
Binti wa hosteli chomoa hiyo kitu sasa hivi ukiwa unasoma, sio kesho. Hicho unachokiona ni umeme unaruka kutoka ncha moja kwenda nyingine mana njia yake imekatika, na kila ukiruka unaunguza ganda la ndani kidogo kidogo.

Mpangaji pole sana na vidole. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, watu wengi wananiletea chaja hapa benchi na hakuna anayeuliza hilo. Ngoja nikujibu kwa urefu, leo hakuna wateja.

Huo waya mwembamba unaotoka kwenye tofali kwenda kwenye laptopu, kwa chaja nyingi za pini ya duara sio nyaya mbili zilizolala pembeni kwa pembeni kama za spika. Ni waya ndani ya waya. Katikati unapita mmoja una ganda lake, huo ndo chanya, halafu umezungukwa pande zote na nywele nyembamba nyingi za shaba, hizo ndo hasi, kisha juu ndo linakuja ganda jeusi unaloliona wewe. Ukiukunja pale pale kila siku nywele za nje zinaanza kukatika moja moja. Mwanzoni huoni kitu mana zilizobaki zinabeba. Zikibaki chache, ule umeme wote uliokuwa unapita kwenye nywele makumi sasa unapita kwenye nywele tano sita, au unapita kwenye ncha zinazogusana tu kwa sababu wewe umezibana. Ndo mana ukikunja inaingia. Unapokunja hujarekebisha chochote, umezilazimisha ncha zilizokatika zigusane.

Pale panapogusana kwa shida ndo joto linapotengenezwa. Hesabu yake rahisi: ampea mara ampea mara ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Chukua ampea zako 3.34, mgusano mbovu wa nusu omu tu, unapata kama wati 5 na nusu. Utasema wati 5 ni nini, hata balbu ya chooni ni zaidi. Lakini ile balbu inatawanya, hizi zako ziko sehemu moja ndogo kama punje ya mchele, zimefunikwa na tepu, na juu yake mto. Chuma changu cha kusoldea hapa mezani ni cha wati 30, kinayeyusha risasi ambayo inahitaji nyuzi joto 183. Tofali lako ni la wati 65. Umeelewa nalenga wapi? Umelala na kitu chenye uwezo wa vyuma viwili vya kusoldea, kilichokuwa kinakuzuia usiungue ni ile shaba kuwa nzima tu.

Sasa kwanini hakuna kilichokata. Breka ya soketi iko pale kulinda waya uliomo ukutani, nyingi ni za ampea 20 au 32, na adapta ya wati 65 haifikishi hata ampea moja upande wa ukutani. Fyuzi ya kwenye plagi ni 3 au 5 na wengine mmeweka 13, nayo hivyo hivyo haioni kitu. Tofali lenyewe lina kinga, ni kweli, ila linaangalia shoti kamili au mzigo kuzidi. Zile nyaya mbili zikigusana mubashara linajizima, utaona taa inapepesa. Kwako hakukuwa na shoti na hakukuwa na mzigo uliozidi. Laptopu ilikuwa inakula kiasi chake kile kile cha kila siku. Kwa tofali kila kitu ni safi, ndo mana likakuwashia kijani.

Kwahiyo waya uliokatika kabisa hauna shida, hauunguzi mtu mana hakuna kinachopita. Waya mzima hauna shida. Huyu nusu mzima nusu mbovu, anayekubali ukimbembeleza, ndo anachoma nyumba.

kichwa_ngumu:
Fundi umeeleza vizuri ila bado hujanijibu mimi. Nimesema haziui. Hata hesabu yako inaonesha inaunguza shuka tu, sasa usipolala nayo kitandani si basi?

FundiRisasi:
Mzee umeshikilia hapo hapo. Sawa, volti 19 kwenye ngozi kavu hutasikia kitu, nakubali. Ila hiyo ni kama tofali ni la kweli. Ndani ya adapta kuna upande wa volti 230 na upande wa 19 na vimetenganishwa na transfoma ndogo na nafasi ya milimita kadhaa kwenye ubao, hiyo nafasi ndo uhai wako. Mimi nafungua hizi feki kila wiki, nyingine pande mbili zimekaribiana mpaka unajiuliza aliyechora alikuwa na haraka ya nini, na moja nilikuta kimegundishwa kipande cha chuma ndani ili tofali liwe zito mkononi mwa mnunuzi. Siku hiyo nafasi ikirukwa, ule waya wako wa 19 una moto wa ukutani, na wewe unaushika pale ulipochubuka. Usinijibu kwamba yako ni orijino, hujaifungua.

Na shuka sio shuka tu. Magodoro yetu mengi ni sponji, sponji ikishika mwali inatoa moshi mzito wenye sumu, mtu aliyelala hawahi kuamka. Mpangaji ana bahati ilikuwa inafuka.

mama_wawili:
Mimi nataka niongelee ule waya mwingine, mana naona wote mmeng'ang'ania wa kwenye laptopu. Ule mnene unaotoka ukutani kuja kwenye tofali. Nyumbani kwangu meza ya kompyuta iko ukutani na nyuma yake hakuna anayechungulia. Panya akala ule waya. Hakuukata, aliutafuna ganda tu upande mmoja kama mtu anavyomenya muwa, shaba ikawa wazi kama sentimita 3 hivi. Laptopu inachaji vizuri, sina habari. Dada wa kazi akawa anapiga deki, tambara bichi likapita pale. Alirushwa akakaa chini, mkono ulimuuma siku mbili. Nyumba yetu ina ile breka yenye kitufe cha kujaribia, ikakata hapo hapo umeme wa nyumba nzima. Fundi aliyekuja akaniambia mshukuruni aliyefunga hii. Na mtoto wangu mdogo alikuwa na miaka miwili, anapenda kutambaa chini ya hiyo hiyo meza.

FundiRisasi:
Mama wawili umeleta jambo kubwa kuliko langu. Huo ndo waya unaoua, volti 230 mubashara. Hiyo breka ya kitufe inapima umeme unaotoka na unaorudi, ikiona tofauti ya miliampea 30, yaani kuna mahali unavujia kwenye mwili wa mtu au ardhini, inakata haraka sana kabla moyo haujavurugwa. Breka za kawaida hazifanyi hivyo, zinasubiri ampea kibao. Nyumba nyingi za kupanga hazina, kuna breka za kawaida na mita ya LUKU basi. Na mlio nayo kibonyezeni hicho kitufe mara moja moja, kikikataa kukata ujue ni pambo.

Na huu waya wa ukutani kwangu hautengenezwi. Ukiniletea nakurudishia. Unachomoka kwenye tofali, unanunua mwingine wa matundu yanayofanana, bei yake ni ya kawaida tu kila mtu anaweza, hakuna sababu ya kufunga tepu kwenye 230.

jamaa_wa_umoja:
Wadau salamu kutoka Nairobi. Huku tunaita stima lakini kesi ni ile ile. Mimi nilinunua waya kama huo wa ukutani pale mtaa wa Luthuli, bei poa sana, nikaona nimebahatika. Nikiguza plagi baada ya nusu saa ni moto hadi inakaa kuchoma kidole. Nikapeleka kwa fundi wa ploti yetu akachukua sumaku, akakata waya, sumaku ikanasa! Shaba hainaswi na sumaku. Ndani ilikuwa chuma imepakwa rangi ya shaba tu. Akafungua plagi, mahali pa fyuzi mlikuwa na kipande cha waya imekunjwa. Sasa hiyo mtu akikwambia plagi ina fyuzi, unaamini?

chapaa_mkononi:
Chaja zote za laptopu orijino zinapatikana, bei ya kutupa, usafirishaji mpaka mikoani, njoo inboksi.

binti_wa_hosteli:
😂😂 bei ya kutupa ndo tunayoikimbia hapa kaka

jamaa_wa_umoja:
Aje na sumaku kwanza.

msoma_lebo:
Msije mkadhani hii ni ya chaja za kichochoroni tu. Hata kampuni kubwa zimeshatoa waya mbovu na zikakiri wazi. Agosti 2014 HP walitangaza kurudisha waya za ukutani zilizokuja na laptopu zao kati ya Septemba 2010 na Juni 2012, zilikuwa na maandishi LS-15 kwenye kichwa kinachoingia kwenye tofali. Kwa Marekani na Kanada peke yake ni kama milioni 6, na malalamiko yaliyofika yalikuwa 29 ya waya kupata moto, kuyeyuka au kuungua mpaka kuwa mweusi. Lenovo nao Desemba mwaka huo huo wakarudisha za kwao zenye LS-15 hiyo hiyo. Nenda kaangalie waya wako sasa hivi, laptopu za mtumba za miaka ile bado ziko kibao mitaani kwetu na zilikuja na waya wake.

Ila iliyonifundisha zaidi ni ya Microsoft mwanzoni mwa 2016, waya za ukutani za tableti zao za Surface Pro, kama milioni 2 na robo kwa Marekani. Taarifa 56 za kupata moto na kutoa miali, na watu 5 kupigwa shoti. Sababu waliyoitoa ni kwamba waya ukiviringishwa kwa kubanwa sana, ukisokotwa au kubanwa mara kwa mara unaharibika ndani. Sasa jiulize wewe chaja yako unaiwekaje kwenye begi. Mimi nilikuwa naikaba tofali kama napiga bandeji, nakaza mpaka ncha ya mwisho naichomeka katikati isifunguke. Najiona msafi.

Na Apple nao walishtakiwa na wateja Marekani kuhusu zile chaja za sumaku za MacBook zilizokuwa zinachanika shingoni, mwaka 2011 wakakubali kumalizana nao. Kwahiyo shingo ni ugonjwa wa wote.

kichwa_ngumu:
29 kati ya milioni 6 mkuu? Si unaona sasa? Hiyo hata ukitafuta kwa tochi huipati.

msoma_lebo:
29 ni waliopiga simu kulalamika, na hizo ni waya mpya zilizopita ukaguzi. Wewe yako ina tepu mwaka wa tatu. Uko kwenye kundi lingine kabisa kaka, usijihesabie kwenye hizo milioni.

mwambao_unguja:
Assalaam aleykum. Huku kwetu Unguja kuna khatari nyengine hamuitaji, chumvi ya bahari. Miye nyumba yangu iko karibu na pwani, waya ukichubuka tu kidogo, shaba wiki chache inageuka kijani. Nilikuwa na chaja imechubuka shingoni, nikaivua ile tepu nikakuta ungauunga wa kijani kama dawa. Fundi akanambia hiyo ni kutu ya shaba na umeme hauipendi kupita hapo, ndo pakawa pakipata moto. Tena tepu ilikuwa inahifadhi unyevunyevu ndani. Nafikiri bora ingekuwa wazi kuliko kufungwa vile, au nakosea fundi?

FundiRisasi:
Waaleykum salaam. Hukosei sana ila usiiache wazi pia hehe. Tepu kazi yake ni kuzuia kugusana, haishiki nyaya zilizokatika zirudi kuwa moja. Watu wanaitumia kama plasta ya kidonda, wakidhani chini yake pamepona. Tena inakuficha usione rangi inavyobadilika. Ganda likianza kuwa la kahawia, au limekuwa laini linabonyea kama ubani, au linang'aa kama limepakwa mafuta, hapo tayari limeshapikwa.

Namna ya kupima bila kifaa: chomeka laptopu betri ikiwa chini, fungua kazi nzito, video au chochote, subiri nusu saa mezani sio kitandani. Halafu pitisha mgongo wa kidole kwenye ule waya mwembamba kuanzia tofali mpaka pini. Tofali kuwa na joto ni kawaida yake. Waya haitakiwi kuwa na sehemu moja yenye joto kuliko jirani yake. Ukikuta sehemu hiyo, umeipata. Waya wa ukutani kwanza uangalie kwa macho ukiwa umechomolewa, usipitishe kidole kwenye waya wa 230 unaoushuku.

Dalili nyingine ambayo inawadanganya wengi, chaja za Dell na HP zenye kisindano katikati ya pini. Kile kisindano kinapeleka taarifa kwa laptopu kwamba mimi ni adapta ya wati fulani. Kawaya kake ni kembamba, mara nyingi ndo kanatangulia kukatika. Laptopu inawaka ila inakataa kuchaji betri, inakuandikia adapta haitambuliki, na inakuwa nzito kama kobe. Mtu anasema betri imekufa, ananunua betri, tatizo liko pale pale. Nimeshauza betri hivyo, nakiri, kabla sijajua.

binti_wa_hosteli:
Fundi na zile za taipu si (USB-C)? Laptopu ya rafiki yangu inatumia hiyo na anachaji na waya wa simu aliouokota tu. Unachelewa lakini unajaa.

FundiRisasi:
Taipu si ina akili kidogo, inaanza na volti 5 halafu laptopu na chaja vinakubaliana kupanda mpaka 20. Waya wa kawaida unaruhusiwa ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kuzidi hapo lazima waya uwe na kachipu ndani kanakosema ninaweza ampea 5. Kwahiyo waya mzima wa simu hautalipuka, utachaji polepole kama anavyosema. Shida ni kichwa. Mule ndani pini zimepangwa nusu milimita kutoka moja mpaka nyingine, na ile yenye volti 20 iko jirani kabisa na ya mawasiliano ambayo haijazoea hizo volti. Kichwa kikilegea, kikipinda, kikiingia vumbi na jasho, 20 inaruka kwa jirani na kinachoungua ni ubao wa laptopu. Nimeona kichwa kimeyeyuka plastiki ya ndani na nje kinaonekana kizima. Akiona kimebadilika rangi au kinacheza ndani ya tundu, atupe. Hicho hakisoldeki kirahisi, asidanganywe na mtu.

mpangaji_wa_ua:
Nimerudi wakuu. Fundi nimefanya ulichosema, au tuseme udadisi umenishinda. Nimechomoa kila kitu nikachukua wembe nikaikata ile shingo nikaichana kwa urefu.

Aisee. Tepu safu tatu, zimekuwa kitu kimoja cheusi kama lami. Chini yake ganda limekuwa mkaa, linapukutika. Zile nywele za nje nimehesabu zilizokuwa bado zimeshika ni nne. NNE. Zingine zote zimekatika na ncha zake zina vidonge vidogo vya duara, kama zimeyeyuka zikaganda. Na ganda la waya wa katikati limetobolewa na nywele mbili, yaani ilikuwa imebaki kidogo sana hasi na chanya wakutane.

Miezi minne nilikuwa naiona kataa ka kijani najisemea iko poa.

FundiRisasi:
Hivyo vidonge ndo ile tss tss ya binti wa hosteli. Shaba inayeyuka nyuzi joto 1085. Sio waya wote ulifika hapo, ni ncha tu kila cheche inaporuka. Ila sasa umeona kwa macho.

mama_wawili:
1085 jamani kitandani.

mpangaji_wa_ua:
Sasa naombeni ushauri, ninunue nini. Nina elfu 30 mpaka mwisho wa mwezi.

FundiRisasi:
Una njia mbili. Kama tofali lako ni zima, na wewe ulisema lilikuja na laptopu, mimi ningelitunza kuliko kununua jipya la feki. Fundi anakata waya wote ule wa zamani, sio kipande cha shingo tu mana wote umechoka, anaweka mpya wenye pini yake na kimpira cha shingoni, unene uwe sawa na wa zamani au zaidi. Anasolda, hasokoti kwa vidole halafu tepu. Anavalisha ule mpira unaosinyaa ukipigwa moto, mmoja kwa kila waya na mmoja wa juu. Mwambie apime chanya na hasi kwa mita kabla hujachomeka, mchoro wa katikati nini na nje nini uko kwenye lebo ya tofali. Ukikuta fundi anauma waya kwa meno kuuchuna, aga.

Njia ya pili, tafuta mtumba orijino, zile zinazokuja na laptopu za nje. Lilingane volti na lako, ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikizidi hakuna shida, laptopu inachukua inachotaka. Zikipungua tofali ndo linateseka. Jipya linalong'aa la elfu 12 kwenye boksi lenye nembo tatu, mimi siliweki nyumbani kwangu.

Ukishapata, usiukunje shingoni. Unapoviringisha acha kitanzi kilegee kwanza pale unapotokea kwenye tofali, halafu zungusha duara pana kama kamba ya punda, usiukabe. Chomoa kwa kushika pini sio kwa kuvuta waya. Na ikitokea tena usiku ukasikia harufu, unaenda ukutani kwanza unazima soketi, ndo unagusa. Usimwagie maji kitu ambacho bado kina moto wa umeme. Kikishika mwali toka na watu wako, piga 114 zimamoto.

Halafu hiyo mbovu usiitupe nzima nzima. Kata waya vipande vipande.

kichwa_ngumu:
Nimepima yangu kwa mgongo wa kidole kama mlivyosema. Kuna joto kidogo. Kidogo.

jamaa_wa_umoja:
Kidogo pale pale kwa tepu ama waya wote?

kichwa_ngumu:
Kwa tepu.

binti_wa_hosteli:
Mie nimenunua ya mtumba elfu 25, zile tss tss zimekwisha. Rumeti anasema chumba kimekuwa kimya sana.

mpangaji_wa_ua:
Wakuu wiki mbili zimepita, nimekuja kuwapa mrejesho na kujisema mwenyewe. Mimi nimepata tofali la mtumba, volti zile zile ampea 4.62, linafanya kazi vizuri na sasa nafanyia kazi mezani. Godoro nimeligeuza upande.

Lile tofali la zamani sikulitengeneza, hela haikutosha vyote viwili. Na fundi alisema nikate waya vipande, mimi nilikuwa nimeshakata shingo tu kuichunguza, nikaona inatosha, lililobaki nikalitupa kwenye pipa la takataka pale getini na waya wake karibu wote.

Jana usiku natoka bafuni kama saa 5, napita koridoni, chumba cha nne anakaa kijana anasomea ufundi magari, mlango umerudishiwa tu. Nikaona taa ya kijani kwa chini. Ningeipita, ila lile tofali lina alama ya rangi ya kucha, mdogo wangu aliipaka zamani lisichanganywe na lake, nikaiona rangi nyekundu pembeni ya ile taa. Nikasukuma mlango. Kaunga pini nyingine kwenye ule mkia wangu wa waya, kasokota, kafunga na mfuko wa nailoni mana tepu hana. Amelala chali, laptopu iko tumboni, waya umepita chini ya shingo yake.

Nilizima soketi kwanza, ndo nikamwamsha.